Mama wa Mashineni na Nyimbo za Chumbani

Mtu aliyenifundisha kusikiliza muziki alishinda miaka yake mingi ndani ya kelele. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka hapa Bariadi, nyuma ya soko, chumba cha bati chenye mlango mmoja na dirisha moja. Mashine ikiwashwa, ukipita pale usingesikia hata sauti ya mtu uliyefuatana naye. Sote tulimwita Mama wa Mashineni. Jina lake la ubatizo nilikuja kulijua baadaye sana na sikuwahi kulitumia. Hata yeye akipiga simu alisema, "Ni mimi, wa mashineni."

Alikozaliwa na ukoo wake, wapo wanaoweza kuvieleza vizuri kuliko mimi. Mimi nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia, hasa niliyoyasikia.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia. Ninapenda nyimbo zisizopigwa redioni, za vijana wanaojirekodi wenyewe nyumbani, hawana lebo wala meneja, wakati mwingine wana gitaa moja na sufuria la mama yao badala ya ngoma. Wa mjini wana majina ya Kizungu kwa muziki huo. Nilipohamia Bariadi nilidhani mkoa mzima wa Simiyu tunaosikiliza mambo hayo tuko wawili, mimi na rafiki yangu mmoja, nesi. Tulikuwa tunatumiana nyimbo kwa simu kama watu wanaogawana siri.

Siku moja nilipeleka mahindi kusaga, umeme ukakatika katikati ya debe langu. Mashine ikaunguruma, ikalegea, ikanyamaza. Kina mama saba au wanane walikuwa wamekaa juu ya viroba vyao, na hakuna aliyelalamika. Nilishangaa, maana umeme ukikatika watu husonya. Mama wa Mashineni alivua vizuia kelele vikubwa alivyovaa masikioni, akakung'uta unga kwenye nyusi, akatoa simu kwenye kanga.

"Haya," akasema. "Tusikilize."

Akapiga wimbo mmoja. Msichana alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, na nyuma yake kitu kinagonga taratibu, labda kijiko mezani. Wale kina mama waliinamisha vichwa kama watu walio kwenye sala. Mimi nywele zilinisimama. Nilikuwa naujua wimbo ule! Nilikuwa nimeuokota wiki iliyopita, na ningeapa kwamba hakuna mwingine aliyeusikia kutoka hapa hadi Shinyanga.

"Mama," nilimwambia ulipoisha, "huo wimbo umeutoa wapi?"

Akanitazama kuanzia viatu hadi shati. "Na wewe mwalimu umeujulia wapi?"

Ndivyo tulivyofahamiana. Jioni ile nilimwambia yule nesi, na tangu hapo tukawa watatu.

Yeye aliziita nyimbo za chumbani. Jina hilo lilileta vicheko vingi pale mashineni, unaweza kufikiri ni kwa nini, na mzee mmoja wa kanisa alimwendea kumshauri alibadilishe. "Zimeimbiwa wapi?" akamuuliza. "Si chumbani? Basi." Na hakulibadilisha.

Nilikuwa nadhani vile vizuia kelele ni vya kusikilizia muziki huku anasaga. Siku moja nikamuuliza anasikiliza nini humo ndani. "Sisikilizi kitu," alisema. "Nayatunza masikio. Nikiweka wimbo juu ya mashine nitausikia nusu, halafu nitamhukumu mtoto wa watu kwa hiyo nusu." Alifunga kazi saa kumi na moja. Alioga, akatandika mkeka ukumbini, akajilaza chali na simu kifuani. Hakupika wala kuongea na mtu hadi amalize alichokusudia. Watoto wake walipokuwa wadogo walijua kwamba muda huo, mtu akija na shida ndogo, asubiri.

Alikuwa anatafuta kwa namna ambayo hadi leo siielewi vizuri. Sisi tulifuata majina, huyu anamsifu yule, yule anaimba na fulani. Yeye alitafuta wimbo uliosikilizwa na watu wachache. "Huu umesikilizwa na watu kumi na tisa," alikuwa anatuambia, macho yanang'aa. "Sisi ni wa ishirini." Kiingereza chake kilikuwa kidogo, Kifaransa na Kireno hakuwa nacho kabisa, na lugha zote hizo alizisikiliza. Aliwahi kutuletea kijana wa Msumbiji ambaye katikati ya wimbo anaacha kuimba, anakunywa maji, unamsikia akimeza, kisha anaendelea. Yule nesi alisema hilo ni kosa, angelifuta. Mama wa Mashineni alitikisa kichwa. "Gete, kweli kabisa, hapo ndipo nilipomwamini."

Akatuletea dada wawili wa Kisumu, mmoja anaimba nyuma kidogo ya mwenzake, kama anamfuata njiani akiwa amebeba mzigo. Akatuletea mwanamume wa Kigoma anayeimba kwa kuhesabu tu, moja hadi thelathini, na ukifika ishirini na mbili unataka kulia na hujui sababu. Mimi nilisoma chuo kikuu. Nina spika nzuri. Nyimbo hizo zilikuwa kwenye simu yangu kama zilivyokuwa kwenye yake, nami nilikuwa nazipita bila kuziona.

Kupendekeza wimbo kwake haikuwa jambo la kurusha tu. Sisi tukipenda kitu tuliwatumia watu wote, tukaandika, "Sikilizeni hii, moto!" Yeye alikuuliza kwanza. Maswali yenyewe yalikuwa ya ajabu: umekula nini leo, nani umemkasirikia, kwenu mlilala na mlango wazi au umefungwa? Halafu alinyamaza. Siku mbili, tatu, hata wiki. Kisha wimbo ulikuja mmoja tu, na maelekezo yake. "Huu usikilize unaosha vyombo." "Huu usiusikilize umekaa." Yule nesi aliwahi kupewa wimbo wa dakika mbili na maelekezo kwamba ausikilize akiwa anarudi kutoka zamu, lakini asiuanze kabla hajavuka mtaro wa njiani. Alicheka, akafanya hivyo. Hakuniambia kilichotokea ng'ambo ya mtaro, ila kesho yake alipeleka mashineni kuku mzima.

Asije mtu akadhani namchora mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa nyimbo. Wapo watu aliwanyima miaka na miaka kwa sababu waliwahi kuongea wimbo ukiwa unaendelea. Mwanamuziki wake akipata umaarufu alinuna kama aliyeibiwa mbuzi. Kuna kijana mmoja wa Mwanza tuliyemfuata tangu ana wasikilizaji wachache, ghafla akaanza kusikika kila baa. Mama wa Mashineni hakulitaja jina lake kwa miezi. "Wamemchukua," alisema tu. Nikamwambia, "Mama, lakini si ndicho tulichomwombea?" Akasema, kwa aibu ya kweli, "Ndicho. Roho yangu ni mbaya, mwalimu."

Na alikuwa hawezi kuimba. Kanisani alichezesha midomo tu. Siku niliyomsikia akijaribu, anatwanga karanga na hajui kama niko mlangoni, ilikuwa sauti ya mlango uliokosa mafuta. Alipogundua niko pale alicheka hadi akaacha mchi. "Mungu alinipa mlango wa kuingilia," alisema akigusa sikio. "Wa kutokea alisahau."

Mara moja alikosea vibaya. Kulikuwa na mama mmoja wa Ngulyati ambaye mume wake alikwenda Kahama kutafuta kazi akapotelea huko. Mama wa Mashineni alimpa wimbo unaohusu mtu anayerudi. Yule mama aliusikiliza wiki nzima, kisha akapanda gari hadi Kahama kumtafuta mumewe. Alimkuta. Alimkuta na mke na watoto wawili, akafukuzwa mbele ya majirani kama mwizi.

Habari ilipofika, mashine haikuwashwa siku ile. Mama wa Mashineni alitembea kwa miguu hadi Ngulyati, akakaa uani kwa yule mama, wala hakujitetea. Aliniambia mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Yule mama aliendelea kupembua mchele bila kumwangalia. Mwishowe akasema, "Wewe mama, nyimbo zako zina miguu. Mwingine zitamfikisha kaburini." Akajibu, "Ni kweli. Nisamehe." Hakusamehewa siku ile, wala mwezi ule. Alikuwa anakwenda kila Jumapili baada ya misa, anasaidia kazi iliyopo, anarudi. Msimu wa pamba ulipofika walivuna pamoja shamba la yule mama, na hapo ndipo walipoanza kuongea. Tangu hapo alichelewa zaidi kutoa wimbo. Ukimharakisha alikutajia Ngulyati, basi.

Kuchelewa huko mimi ndiko kulikoniokoa. Mdogo wangu alikufa kwa ajali ya pikipiki barabara ya Maswa. Baada ya mazishi sikuweza kusikia muziki wa aina yoyote. Hata mlio wa simu niliuzima. Watu walinitumia nyimbo za faraja nyingi, za dini na zisizo za dini, sikufungua hata moja. Mama wa Mashineni alikuja msibani siku zote, akapika, akaosha masufuria, hakunitumia kitu. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilianza kumlaumu moyoni: huyu ananijua kuliko wote, mbona amekaa kimya?

Mwezi wa nne alikuja shuleni mwenyewe, unga bado uko kwenye kanga. Akaniita nje ya ofisi ya walimu. "Sasa," alisema, akanirushia wimbo, akaondoka.

Nilijiandaa kulia. Nilijifungia nyumbani, nikabonyeza. Lilikuwa jitu linaimba kuhusu beberu aliyekula kadi ya mwaliko wa harusi, na familia nzima inamfuata beberu kumuuliza harusi ni lini. Nilicheka. Nilicheka peke yangu chumbani hadi mbavu zikauma, na nikiwa bado nacheka machozi yakaja, na nikamkumbuka mdogo wangu jinsi alivyokuwa akicheka kwa kujipiga goti. Nililala usingizi wa kwanza kamili tangu msiba.

Kesho yake nikamfuata. "Ulijuaje?"

"Sikujua," alisema. "Juzi nilikuona sokoni umesimama unaangalia mbuzi anakula boksi. Midomo yako ilitikisika kidogo. Nikasema, haya, ameanza."

Lakini kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kumkumbuka nalo, ningechagua Mwandoya.

Alikuwa amegundua binti mmoja wa huko, wilaya ya Meatu, anayejirekodi kwa simu. Ala yake ilikuwa ndoo ya plastiki, ameigeuza anaipiga kwa viganja. Aliimba Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma, kwa sauti ya kukwaruza kama ya mtu aliyetoka kuamka. Wimbo uliitwa "Ndoo ya Tatu". Mama wa Mashineni alivunja desturi yake, akautuma kwetu wote siku moja bila kuuliza maswali. Tuliusikiliza mwaka mzima. Halafu asubuhi moja ukatoweka. Ulikuwa umefutwa, pamoja na nyimbo nyingine zote za yule binti.

"Kuna jambo," alisema Mama wa Mashineni. Shule ilikuwa imefungwa, akaniomba nimsindikize. Yeye nakala alikuwa nayo kwenye simu. Tulifika Mwandoya mchana, tukauliza madukani binti anayeimba na ndoo ni yupi. Watu walicheka kabla ya kutuelekeza, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Tulimkuta nyumbani kwao akichambua pamba na baba yake, mzee mrefu mfugaji, mwenye fimbo. Tukasalimiana kwa Kisukuma, tukapewa viti. Mama wa Mashineni akasema alikotoka na alichofuata. Yule binti aliinamisha uso.

"Nimeacha, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Shemeji yangu alinirekodi naimba akakata kipande akakisambaza. Watu wananiita mbuzi. Nikipita dukani wananiigiza."

"Binti yangu si kichekesho," mzee alidakia. "Mimi ndiye niliyemwambia afute. Na nyie mmetoka Bariadi kuja kufanya nini? Kuongeza?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama wa Mashineni hakubishana. Alimuuliza ana ng'ombe wangapi. Mzee akakataa kujibu, kama ilivyo heshima. Ng'ombe hawahesabiwi mbele ya wageni. Akamuuliza tena, "Akipotea mmoja, akalia porini na wewe humwoni, utamjua ni wako?"

"Nitamjua."

"Kwa nini?"

"Mlio wake ni wake."

"Basi mimi binti yako nilimjua hivyo," alisema. "Sijawahi kumwona uso hadi leo. Wewe umewahi kuusikia wimbo wake mpaka mwisho?"

Mzee alitazama chini. Kumbe alikuwa amesikia kile kipande cha kuchekesha tu, simu za vijana zikipita. Mama wa Mashineni akatoa simu, akaomba ruhusa kwa macho, akaiweka juu ya lundo la pamba. Ndoo ikaanza kulia. Sauti ikaja. Wimbo unasimulia nyumba yenye watu wawili wanaokwenda kisimani kila asubuhi na ndoo tatu. Ndoo mbili zinajaa, ya tatu inakwenda tupu na kurudi tupu, na hakuna anayethubutu kuiacha nyumbani.

Ulipoisha, mzee aliendelea kutazama chini. "Ndoo ya tatu ni ya nani?" aliuliza, ingawa nadhani alishajua.

"Ya mama," binti alisema.

Mzee akainuka, akachukua fimbo, akaenda zizini. Binti akaanza kulia. Mimi nikamnong'oneza Mama wa Mashineni kwamba tuondoke mapema kabla hatujafukuzwa. Akanikamata mkono. "Kaa."

Alirudi na kibuyu cha maziwa. Akampa Mama wa Mashineni kwanza, kabla yangu mimi mwanamume na mwalimu, kisha akampa binti yake. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wabeja," alimshukuru, akaketi, akaendelea kuchambua pamba. Hatukuongea tena kuhusu wimbo. Baada ya wiki mbili ulirudi mahali pake, na pembeni yake ulikuwepo mpya. Yule binti hajawa maarufu. Anauza dukani, anaimba, wanaomcheka bado wapo, na wanaomsubiri sasa ni mamia kadhaa. Baba yake, nasikia, amekataza mtu kuitumia ile ndoo kwa maji.

Mwaka huu mashine ameiachia mkwe wake, naye amehamia Ipililo kwa dada yake mkubwa ambaye ni mgonjwa, hanyanyuki. Nilikwenda kuwaona likizo iliyopita. Nilimkuta barazani, kando ya kitanda, anamnywesha dada yake uji. Amekonda. Bila unga usoni niliiona vizuri rangi yake halisi, nikaona haya kama niliyemfumania.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwalimu. Umekuja na masikio?"

Nilimuuliza siku hizi anasikiliza nini. Akasema ana wimbo mmoja tu, wa kijana wa Songea, dakika saba, na kwa mwezi mzima amekuwa akiusikiliza hadi dakika ya tano, anauzima.

"Kwa nini?"

Alifuta mdomo wa dada yake kwa ncha ya kanga. "Nikifika mwisho utakuwa wimbo ninaoujua," alisema. "Sasa hivi bado hata mimi unanishinda."

Mimi nina nyimbo elfu kwenye simu, na sikumbuki hata moja niliyoiogopa kwa heshima kiasi hicho.

"Lakini leo umekuja," akasema. "Tuumalize."

Akaiweka simu kitandani, karibu na mkono wa dada yake. Gitaa lilianza peke yake. Kijana akaimba taratibu kwa Kingoni, na hakuna kati yetu aliyeelewa neno. Dakika ya tano ilipopita nilimwona Mama wa Mashineni akishika ukingo wa kitanda. Sauti ilipungua. Ikabaki gitaa, kisha nyuzi mbili, kisha mmoja. Mwishoni ilisikika pumzi ya yule kijana, na kiti kikilia kama mtu anayejigeuza. Kisha kimya.

Dada yake alikuwa hajasema neno tangu nilipofika. Alifumbua macho.

"Mbona ameacha?"

"Amemaliza, dada."

"Hajamaliza," alisema yule mgonjwa. "Anavuta pumzi."

Mama wa Mashineni aliitazama simu, akanitazama mimi, na uso wake ulijaa mshangao wa mtoto. Hakuichukua. Alivuta kiti karibu na kitanda, akaushika mkono wa dada yake, nasi watatu tukakaa kimya tukimsubiri yule kijana.